Kabla Mchwa Hawajamaliza: Namna ya Kukusanya Historia ya Shule Kongwe

Nilikuwa karani wa tali bandarini Kilindini, Mombasa, kwa miaka 31. Kazi yenyewe ni kusimama juani na ubao na kalamu, kuhesabu magunia na makasha yakiingia na yakitoka, na kuandika. Nilipostaafu nilidhani nimeagana na kuhesabu. Kumbe la. Wenzangu tuliosoma nao shule ya Allidina Visram wakanipigia simu: shule imetimiza miaka mia na ushei, tunataka maonyesho ya historia yake, na wewe, bwana, una muda. Mstaafu hana cheo kingine mjini kwetu. Ni mtu mwenye muda.

Imenichukua miaka miwili. Nimekosea mengi, na baadhi ya makosa hayo hayarekebishiki. Kwa hiyo nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kuifanyia shule yake kazi kama hii, iwe Shimo la Tewa, Star of the Sea au shule ya msingi ya mtaani kwenu ambayo hakuna aliyewahi kuiandikia hata ukurasa mmoja.

Anza na jina

Kabla ya kumsumbua mzee wa watu, ujue jina lililo langoni limetoka wapi. Kwa upande wetu ilikuwa rahisi, maana mwenye jina ana sanamu Treasury Square. Watu hupiga kona pale kila siku kwenda kulipa hiki na kile, na ukiwauliza huyu ni nani, watakwambia "Mhindi mmoja tajiri."

Alikuwa tajiri kweli. Allidina Visram alitoka Kachi, India, akiwa kijana mdogo, akafikia Bagamoyo, akajifunza biashara ya misafara. Maduka yake yalifuata njia za wapagazi kwenda bara, na reli ya Uganda ilipojengwa yakaifuata reli. Alipokufa mwaka 1916 alikuwa na maduka Uganda nzima na mitambo ya kuchambulia pamba. Mwanawe, Abdulrasul, ndiye aliyeijenga shule kwa kumbukumbu ya babake, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Hayo uyaandike kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo ndio utakaoukunja mfukoni kila uendako, kwa sababu mtu wa kwanza utakayemhoji atakwambia shule ilijengwa na Sultani, wa pili atasema ni Aga Khan, na wewe usibishane nao. Unauchomoa, unawasomea, mnaendelea.

Barua

Pata ruhusa kwa maandishi. Barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa bodi ya shule, nakala kwako iliyogongwa muhuri. Walimu wakuu huhamishwa. Atakayekuja hakujui, na neno la mdomo la aliyetangulia halifungui kabati. Basi.

Kuzungumza na wazee

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoiharibu.

Mzee mmoja wa Kuze, aliyevuka themanini zamani, alinipokea barazani kwake baada ya swala ya alasiri. Nilitoa karatasi ya maswali na simu ya kurekodia kabla kahawa haijamiminwa. Akanijibu kama shahidi mahakamani: ndiyo, la, sikumbuki. Robo saa nikawa nimemaliza, nikaaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda bila karatasi. Nilichukua kashata kidogo na picha moja ya zamani ya timu ya hoki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukanywa kahawa, tukazungumza bei ya samaki na mjukuu wake aliye Dubai. Kisha nikaitoa picha nikamwekea gotini, sikusema neno. Aliitazama muda. Akaanza kutaja majina, mmoja mmoja, kwa kidole: huyu alikuwa na mbio, huyu nyumba yao iliungua, huyu alimpenda dada wa huyu. Saa mbili nzima. Simu nilikuwa nimemwomba mapema niiweke kando ya birika, akaisahau.

Kwa hiyo: kitu kwanza, swali baadaye. Na swali liwe dogo. Ukimuuliza mtu "shule ilikuwaje wakati wenu?" atakupa hotuba ya nidhamu na namna watoto wa siku hizi walivyoharibika. Muulize nani aliketi ubavuni kwake. Muulize saa nne walikula nini na nani aliuza. Muulize njia aliyopita kwenda nyumbani, na mvua ikinyesha alijikinga wapi.

Wazee hawakumbuki miaka, na hata wewe ukifika huko hutaikumbuka. Wape vigingi vya kujishikia. Mimi natumia vya mji wenyewe. Wakati huo mlikuwa mkivuka kwenda Nyali kwa daraja la zamani la kuelea, au kwa hili la sasa? Daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931, hili la sasa 1980, kwa hiyo jibu moja linakupunguzia miaka hamsini ya kutafuta. Barabara ya Digo mlikuwa mkiiita Salim Road? Pembe za ndovu zilikuwa zishasimamishwa Kilindini Road? Ilikuwa kabla ya mapinduzi ya Unguja au baada? Kwa vigingi vinne hivyo nimeweza kuipa picha isiyo na tarehe mwaka wake, au karibu na mwaka wake.

Na urudi. Mtu muulize jambo lile lile mara mbili, wiki kadhaa zikiwa zimepita. Makarani wa tali tunaijua njia hii: ukiishuku hati ya mzigo, omba uandikiwe nyingine, uziweke sambamba. Zinapotofautiana ndipo pa kuchimba.

Manuwari iliyoitwa Alidina

Mzee wa Kuze, siku ya tatu, aliniambia jambo lililonifanya nicheke kimoyomoyo. Babake alikuwa kuli bandarini wakati wa vita vya Hitler, na alimwambia kwamba Waingereza walikuwa na manuwari iliyoitwa Alidina, kama shule.

Nimehesabu mizigo ya meli za kila jina. Manuwari ya Kiingereza yenye jina la mwenye maduka kutoka Kachi? Nikaandika tu, kwa adabu.

Na hiyo ndiyo kanuni: uandike. Usicheke usoni mwa mtu, wala usiende kulibandika ukutani kama kweli. Andika nani kasema, kaambiwa na nani, lini. Kisha ukatafute.

Nilipotafuta nilikuta hivi. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani zilishambulia Colombo. Kundi la manuwari za Kiingereza za bahari hii likahamishia makao Kilindini, na pamoja nalo wakaja watu ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua mafumbo yao. Hao walikuwa tawi la kile kituo cha siri cha Bletchley Park kule Uingereza. Walihitaji jengo. Serikali ikawatwalia shule yetu. Na wanamaji wa Kiingereza wana desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kama la meli, kwa hiyo darasa na ubao wake na dawati zake vikaitwa HMS Alidina.

Mwaka huo huo wa 1942, wawili kati yao, John MacInnes na Brian Townend, walipata njia ya kuingia kwenye fumbo lililotumiwa na meli za mizigo za Japani, lililojulikana kama JN-40. Walipataje? Mjapani mmoja alituma taarifa akasahau kutaja mahali meli ilipo, akaituma tena, safari hii na mahali pakiwemo, kwa ufunguo ule ule. Hati mbili za mzigo mmoja! Wakaziweka sambamba. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma ujumbe kadiri unavyoingia, na meli za adui zikawa zinafuatwa hatua kwa hatua, kutoka kisiwani kwetu hapa. Hawakukaa sana, maana mawimbi ya redio yalifika Mombasa yakiwa dhaifu, na mwaka 1943 wakarudi Colombo.

Nilirudi Kuze nikamweleza mzee. Manuwari haikuwako, nikamwambia, ila jina lilikuwako. Akanijibu, "Babangu alisikia jina la meli, akaichora meli. Ungekuwa wewe?" Sikuwa na la kusema. Nusu ya kuta za maonyesho yetu ilisimama juu ya uvumi ule niliotaka kuucheka.

Pa kutafutia si pengi, lakini papo. Kuna maktaba ndani ya Fort Jesus. Kuna Nyaraka za Taifa Nairobi, ambako ripoti za mwaka za idara ya elimu za enzi ya mkoloni zimewekwa. Panda treni ya SGR ya asubuhi, lala usiku mmoja, uende na penseli. Kuna magazeti ya zamani. Watu wanasahau kwamba gazeti tunaloliita The Standard lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902, likianzishwa na A. M. Jeevanjee.

Waulize walioachwa nje

Wenzangu walitaka ukuta wa majina makubwa: mawaziri, majaji, madaktari, waliopata alama za juu mwaka hadi mwaka. Nikakubali, kwa sababu shule hizi huchagua, na watu wanataka kuona waliochaguliwa walifika wapi. Lakini shule inayochagua ina watu wa aina mbili, na ubao wa majina unawaonyesha wa aina moja tu.

Baba yangu aliuza mabuyu, njugu na maembe mabichi ya pilipili nje ya lango lile miaka ya hamsini. Wakati huo elimu ya Kenya ilikwenda kwa rangi: shule za Wazungu peke yake, za Wahindi peke yake, za Waarabu, za Waafrika. Yetu ilikuwa ya Wahindi. Baba alizijua kengele zake zote, ya asubuhi, ya saa nne, ya kutoka, akizipangia njugu zake zitoke moto, na darasani hakutia mguu hata siku moja. Baada ya uhuru milango ikafunguliwa kwa wote, na bawabu mpya akawa mtihani. Mimi niliingia Form One mwaka 1972 kwa CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Rafiki yangu tuliyekuwa dawati moja shule ya msingi alikosa. Hatukuzungumza kwa miaka, bila ugomvi wowote.

Baba hakujua kuandika. Wavulana walikopa, naye akaweka hesabu kwenye mfuniko wa mkebe wa biskuti, kwa msumari. Kila mdeni ana alama yake. Kuna miwani. Kuna gongo la kriketi. Kuna sikio moja kubwa lisilo na kichwa. Kando ya kila alama kuna vistari, na kistari kilicholipwa kimekatwa. Sikio lina vistari saba, viwili tu ndivyo vilivyokatwa. Mfuniko wenyewe umeliwa na kutu ukingoni, ila ukiupindua kwenye mwanga kila kitu kinasomeka. Mama aliufunga kwenye leso kuukuu, ukakaa mvunguni miaka arobaini.

Nilipouleta kikaoni, mmoja akauliza, "Sasa hii ni historia ya shule au ya mabuyu?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho ukawekwa, karibu na mlango. Siku ya kufungua, mzee mmoja wa Kibohora aliuinamia muda mrefu, akaomba kurunzi ya simu, akaikagua ile miwani. Kisha akajinyoosha. "Huyu si mimi," akasema. "Mimi nililipa."

Kwa hiyo ongea na wauzaji wa langoni. Ongea na wapishi, mabawabu, mafundi, akina mama waliofua sare, majirani wanaopanga foleni kupiga kura kwenye madarasa yale. Na usimsahau aliyeanguka. Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alisoma shule ya wavulana wa Kiarabu hapa mjini, akapata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere hawakumchukua. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Kiislamu, ile MIOME ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku ya Maulidi alitoa hotuba mbele ya gavana, Sir Philip Mitchell, na kutokana na hotuba hiyo akapata njia ya kwenda kusoma Uingereza. Amezikwa makaburi ya Mazrui, ng'ambo ya barabara ukitazama Fort Jesus. Cheti kile cha daraja la tatu kingekuwa mkononi mwangu, ningekiweka juu ya ubao wa majina.

Picha na karatasi

Nije kwenye kosa langu.

Bi mmoja wa Makadara aliniazima picha ya kakake marehemu, akiwa na jezi ya shule, mpira chini ya mguu. Haina nakala. Mimi kwa kutaka kuihifadhi nikaipeleka duka moja la fotokopi ikafungwa laminesheni. Ilitoka inang'aa. Nilijiona fundi. Baada ya masika mawili, unyevu uliofungiwa humo ukaanza kufanya kazi: madoa ya kahawia, kisha utando, kisha uso wa kijana ukapotea. Plastiki ile haibanduki bila kung'oa picha. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, sikumtuma mtu. Hakunigombeza. Alinyamaza, na afadhali angenigombeza.

Basi: laminesheni usiifanye, kamwe. Selotepu pia la, inageuka njano na kula karatasi. Pwani yetu adui ni hewa yenyewe, ina chumvi na maji. Kazi ya kufungua masanduku na kupiga picha ifanye wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kidogo. Masika acha kila kitu kifungwe. Picha zitie kwenye bahasha za karatasi, kila moja na yake, si kwenye mifuko ya plastiki. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, waombe wauza viatu wa Mwembe Tayari, wanavitupa. Kabati liwe mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, na miguu yake isimame juu ya vikopo, umuone mchwa anapopanda.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kugandamiza. Biro huchoma mpaka upande wa pili. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige hivyo hivyo ikiwa ndani ya kioo. Ukiwa na skana, iweke doti 600 kwa inchi. Ukiwa na simu tu, fanya kazi karibu na dirisha, kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha, na rula kando ili ukubwa ujulikane. Nakala ziwe sehemu mbili tofauti. Simu moja iliyoanguka chooni si hifadhi.

Tali

Kitu kikiingia mkononi mwako, kipe namba kabla hujakaa. Mimi nina daftari kubwa la kaunta, lenye mistari niliyoichora mwenyewe: namba, kitu gani, kimeletwa na nani, tarehe, kurasa au picha ngapi, siku ya kurudisha, sahihi ya mwenyewe, sahihi yangu. Mwenye kitu anapata kikaratasi chenye namba ile ile. Kijana mmoja alinicheka, akaniambia kompyuta zipo. Zipo, na orodha nimeiingiza humo pia. Lakini bibi wa miaka sabini na tano anataka kuona ukiandika jina lake, naye atie sahihi, ndipo afungue kabati la pili.

Kwenye maonyesho usijaze. Picha sitini zenye majina zinatosha kuliko mia tatu zisizojulikana. Acha karatasi tupu na penseli chini ya kila picha ya kundi. Wageni watakutajia majina, watabishana wenyewe kwa wenyewe, na utapata mengi kuliko miezi sita ya kuhoji. Matokeo ya mitihani ya mtu aliye hai usiyabandike bila idhini yake, hata kama ni mazuri. Adabu inakataa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakataa.

Maonyesho yakiisha, kazi haijaisha. Nilitumia wiki tatu kuzunguka kwa tuktuk nikirudisha albamu, fremu, mikanda, kombe moja lisilo na mkono, na fulana. Nakala zikabaki kwenye maktaba ya shule.

Makadara nilipaacha mwisho. Bi yule, baada ya yote, alikuwa ameniazima albamu nzima ya kakake. Nilimkabidhi pamoja na daftari na kalamu. Hakushika kalamu. Alikaa kitako kwenye mkeka, akaifungua albamu, akaanza kuhesabu picha kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mdomo ukicheza. Zilikuwa 42, kama nilivyoandika siku ya kuichukua. Akarudi ukurasa wa kwanza akaanza tena. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi, nikangoja amalize.